Mteja Hakupatikana Nyumbani

Katika faili la mkopo wangu maneno haya yameandikwa mara tano: "Mteja ametembelewa nyumbani, hakupatikana." Mwandiko ni wa marehemu mume wangu. Siku zote tano nilikuwa nyumbani. Siku ya tatu niliikumbuka vizuri nilipooneshwa tarehe yake, kwa sababu ndiyo siku aliyonivunja jino la mbele kwa mfuniko wa sufuria. Alinivunja jino asubuhi, akaoga, akavaa shati la kazini, akawasha pikipiki kwenda mjini, na huko akaandika kwamba hakunikuta.

Nimeishia darasa la saba. Nitaeleza mambo yalivyotokea tu.

Mimi ni wa Lundo, kando ya ziwa. Kwetu tunalima muhogo, na baba yangu alikuwa anavua usipa, hawa dagaa wetu wa Nyasa. Niliolewa milimani, Mapera, kwa Wamatengo, nikahama na kanisa, kutoka Anglikana kwenda Katoliki. Mume wangu alikuwa afisa mikopo katika benki moja ndogo mjini Mbinga. Tulikaa kwao, kwenye shamba lililoachwa na baba mkwe: juu kahawa, chini kwenye mteremko mahindi na maharage. Shamba lilikuwa halijagawanywa. Lilikuwa la mama mkwe na wanawe wawili, mume wangu na kaka yake. Huyo kaka yake, shemeji yangu, hakuwa na mshahara wala pikipiki wala kazi mjini. Alikuwa na shamba. Kaburi la baba yao limo humo, katikati ya mistari ya kahawa, na siku anayopalilia kahawa ndiyo siku anayopalilia kaburi.

Kwenye mteremko tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Kisha wanawake wanakuja na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila dirisha na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Linabaki shimo, na mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kukimbia na udongo. Mwanamke halazi nyasi. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nikazishika nikaanza kuzilaza. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Weka hizo nyasi," akasema. "Kwani umefiwa?"

Maana ni mjane asiye na mwanamume yeyote ndiye anayelaza nyasi mwenyewe.

Mkopo ulianza mwezi wa kwanza, wakati wa njaa. Mume wangu alirudi kutoka kazini na fomu. Akanieleza kwamba mfanyakazi wa benki akikopa, faili lake linashikwa na mwenzake, yeye mwenyewe haligusi. Ndugu yake akikopa, ni vilevile. "Na wenzangu pale wana roho mbaya," akasema. "Watanikalia mwaka mzima. Lakini mkopo wako wewe naweza kuushika mimi."

"Mkopo wangu upi?"

"Huu. Jina litakuwa lako, kazi nitafanya mimi."

Niliisoma fomu, polepole, kwa kidole. Kulikuwa na mstari unaouliza: "Je, mwombaji ni ndugu wa afisa anayeshughulikia mkopo?" Yeye alikuwa tayari ameweka alama kwenye Hapana.

"Baba, hapa si umekosea?"

"Nimekosea nini?"

"Mimi na wewe."

Akacheka. "Wewe ni ndugu yangu? Ningeoa ndugu yangu, wazee wa hapa wangenitoa kwa mawe. Wewe ni mke. Fomu imeuliza mke?"

Haikuuliza. Nikacheka na mimi. Kwao na kwetu mke si ndugu. Ndugu ni wa damu, ndiyo maana nilitolewa ziwani nikaletwa mlimani. Nikasaini. Na nilifurahi kuyaona majina yangu matatu yamechapwa kwenye karatasi ya benki. Sitaficha hilo.

Kesho yake alimwita mama yake uani, akafungua kidau cha wino. "Mama, wanaandikisha upya wakulima wa mbolea ya ruzuku. Weka kidole hapa." Mama mkwe hajui kusoma. Aliufuta mkono kwenye khanga, akatoa kidole gumba. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi, mimi nikaishika pembeni isiruke. Niliona muhuri wa benki. Niliona neno dhamana. Nilinyamaza.

Kisha akalikagua shamba, kama afisa anavyotakiwa kulikagua. Alilikagua akiwa amekaa kwenye kiti chetu anakunywa chai, akaandika kwamba linafaa. Na mkopo ukapita.

Fomu ilisema fedha ni za kupanua kilimo. Yeye alizitumia kwa magoma. Huku kwetu magoma ni kununua kahawa ya mtu ingali mbichi mtini, wakati ana njaa, kwa debe la mahindi au noti chache, halafu msimu ukifika unachuma wewe. Imekatazwa, lakini njaa ya mwezi wa pili haijui katazo. Majirani walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Walimshukuru. Wengine walinishukuru na mimi.

Msimu ulipofika bei ya kahawa ilipanda kuliko tulivyowahi kusikia. Wale majirani wakaanza kuchuma wenyewe na kupeleka kwenye chama cha msingi. Mume wangu akakodi vijana wawili wenye nguvu, wakawa wanapita shamba kwa shamba na maturubai. Siku moja niliwakuta kwa mzee jirani yetu, mimi natoka kisimani na ndoo kichwani. Walikuwa wanakwangua matawi, nyekundu na kijani pamoja, majani yanaanguka kama wanachinja kitu. Mzee alikuwa amelikumbatia gunia.

"Mwanangu, chukua za kwako uniachie za wajukuu."

"Zote ni zangu. Yale mahindi uliyokula yalikuwa ya nani?"

"Yalikuwa debe moja. Hili gunia la tatu."

Mume wangu alimpiga teke la kifua. Mzee hakuliachia gunia. Alimpiga la pili, la mdomo, kwa kiatu cha kazini, kile ninachokipaka rangi mimi. Mke wa mzee alitoka jikoni na mpini wa jembe, akampiga mume wangu mgongoni mara moja, na mmoja wa wale vijana akamnyang'anya ule mpini akamvunja nao kiwiko. Niliusikia mfupa. Nikaitua ndoo, nikasimama hapohapo. Mume wangu aliniona, akasema, "Wewe nenda kapike." Nikaenda nikapika.

Wiki ileile lori alilokodi lilikamatwa njiani na kahawa yote ikachukuliwa, kwa sababu ya magoma. Siwezi kusema sikufurahi. Lakini kuanzia hapo mkono wake ulikuwa mwepesi. Alinipiga kwa chumvi, alinipiga kwa kuuliza, alinipiga mara moja kwa sababu nilimwambia pole. Binti yetu alijifunza kujua mlio wa pikipiki unaokuja na ugomvi na mlio usiokuja nao.

Mkopo ukalala, haukulipwa. Sasa kazi ya afisa ni kumfuata mteja aliyelala na mkopo, na mteja huyo nilikuwa mimi. Basi kila mwezi aliandika lile neno, hakupatikana, na faili likarudi kabatini. Ingeweza kuendelea hivyo miaka. Lakini meneja wao alihamishwa, akaja mwingine, akayatoa mafaili yote yaliyolala na kuyatolea tangazo la mnada. Shamba letu likabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na chini yake jina langu.

Shemeji aliambiwa na watu kwenye chama, wakidhani anajua. Alikuja uani mchana na fimbo ya mkahawa.

"Mnyasa! Toka nje!"

Nilitoka. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango. Shemeji akamwuliza yeye kwanza, nakumbuka, alimpa nafasi. "Mdogo wangu, ni kweli?"

"Jina lililobandikwa pale ni langu?" mume wangu akajibu. "Muulize mwenye jina."

Shemeji alinipiga kwa ile fimbo mpaka ikakatika, halafu akanipiga kwa mikono. "Umetoka kwenu kwenye mchanga, umekuja kuuza udongo wetu!" Nilitapika damu kwenye maua ya mama mkwe. Yeye mama mkwe alikuwa amekaa na ungo anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

Shemeji alipoondoka nilimwambia mume wangu, nikiwa bado chini, kwamba nitakwenda benki niseme. Alichukua helmeti yake kwenye msumari. Nilikinga kwa mkono wa kushoto, na mkono ukavunjika mahali pawili. Siku ile nilimchukua mtoto, nikateremka Lundo.

Shangazi yangu alinifunga mkono kwa vipande vya mti na vitambaa. "Ulituambia huku tunanuka samaki," akasema huku anakaza fundo. "Haya, milimani wamekunusisha nini?" Halafu akalia kuliko mimi. Baba aling'oa kafi ukutani akasema anapanda Mapera kumpasua mtu kichwa, na kaka zangu watatu ndio waliomkalia.

Huko juu, shemeji alikwenda benki. Alitaka kumwona mtu aliyeukubali mkopo, akaoneshwa saini, akaitambua: ya mdogo wake. Akapiga kelele, na walinzi wakampiga virungu, wakamtupa barabarani mbele ya watu. Alirudi kesho yake, wakampiga tena. Siku ya tatu meneja mpya akasema aachwe, akamsikiliza. Mume wangu akasimamishwa kazi, akahama nyumbani, akapanga chumba mjini kwa kumwogopa kaka yake. Na makao makuu wakamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, wa umri wa mama yangu. Alinifuata mpaka Lundo, viatu vimejaa mchanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaukataa muhogo, halafu akaula.

"Binti, mwaka uliopita ulikuwa unasafiri sana?"

"Hapana, mama."

"Hapa imeandikwa umetembelewa mara tano."

"Nilikuwepo. Kila siku nilikuwepo."

"Na huyu aliyekuja kukutembelea, humjui?"

"Ni mume wangu."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwa upole, na nashukuru alinieleza. Nikisema nilikuwa safarini, basi mimi ni mteja mkorofi kama wateja wengine wakorofi, mume wangu atapewa onyo, na shamba litauzwa. Nikisema nilikuwepo, mnada utasimama mpaka faili lote lichunguzwe, lakini mume wangu atafukuzwa, na huenda akafungwa. "Ufikirie," akasema. "Mimi ninalala Mbamba Bay, naweza kurudi kesho."

Nikasema hakuna cha kufikiria, nilikuwa nyumbani. Andika.

Ilikuwa mwezi wa tatu, wakati wa ngolo. Mkaguzi alitaka kuliona shamba kwa macho yake, na kuwasomea wenye shamba faili lote mbele ya mtendaji wa kijiji. Mume wangu aliamriwa awepo. Alikuja kwenye gari la benki, kiti cha nyuma, amevaa shati la kazini ingawa amesimamishwa. Mimi nilipanda kutoka Lundo na mkono wangu umefungwa. Tulikaa kwenye kahawa, karibu na kaburi, kwa sababu ndiko kuna kivuli.

Shemeji alikuwa mteremkoni anafyeka. Alikuwa amelaza nyasi nusu ya eneo, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Alipanda na panga lake mkononi, akachuchumaa, akalilaza kwenye magoti. Hakuna aliyemwambia aliweke mbali. Si mtendaji, si mimi. Mwezi wa tatu kila mwanamume wa Mapera anatembea na panga, jicho halilioni tena. Mkaguzi alikuwa mgeni, akadhani kama sisi hatusemi basi ni salama.

Akasoma. Alisoma lile neno, hakupatikana, mara tano. Ya pili mtendaji alicheka. Ya nne hakucheka.

Akamwonesha shemeji muhtasari wa kikao cha ukoo uliokuwa ndani ya faili, unaosema wote wameridhia shamba liwe dhamana. "Hii saini ni yako?"

"Mimi nasaini herufi moja na msalaba. Hii imeandikwa vizuri mno."

Akamgeukia mama mkwe. "Mama, hiki kidole ni chako?"

"Changu. Lakini ni cha mbolea."

"Mbolea gani?"

"Ya ruzuku."

"Uliipata?"

"Bado nasubiri."

Mkaguzi akauliza ni nani alimwambia ni ya mbolea. Mama mkwe alimwangalia mwanawe mdogo, akaangalia chini. Hakutaka kumtaja. Mkaguzi akanigeukia mimi.

Nikasema, "Aliyemwambia ni mume wangu. Karatasi niliishika mimi. Muhuri wa benki niliuona, na sikusema."

Shemeji hakuniangalia mimi, alimwangalia mdogo wake. Alisema taratibu, "Umemweka baba rehani."

"Usinipigie kelele mbele ya watu," mume wangu akasema, ingawa hakuna aliyepiga kelele. "Ningelipa. Na baba amekufa, hajui kama amelala kwenye shamba lako au la benki."

Pigo la kwanza lilimpata begani. Aliinua mkono, na la pili likachukua vidole. Niliviona vikianguka kwenye majani ya mkahawa. Nilimshika shemeji kiunoni kwa mkono wangu mmoja, akanitupa kwa kiwiko, nikaangukia ule uliovunjika. Mtendaji alikimbia. Dereva alikimbia. Mkaguzi alisimama na faili amelikumbatia, anapiga mayowe. Mume wangu alikimbia kuteremka, na pale kwenye nyasi zilizolazwa mguu wake ukanasa kwenye mstari, akaanguka kifudifudi. La tatu lilikuwa la shingo. Mama mkwe alifika akajilaza juu ya mwanawe, na shemeji, panga likiwa juu, akalishusha pembeni, ardhini.

Tulimbeba watu watatu, mimi, mama mkwe na mkaguzi, mpaka kwenye gari, ambako dereva alikuwa amekimbilia. Aliita, "Mama." Mimi alizoea kuniita mama, na mama yake alimwita mama, na sote wawili tulikuwa hapo, kichwa chake kwangu, miguu kwa mama mkwe. Tuliitika wote. Alikufa kabla hatujafika hospitali ya Mbinga. Shemeji askari walimkuta amekaa kwenye kaburi la baba yake. Hakuwa amekwenda popote.

Mume wangu tulimzika palepale, kando ya baba yake. Siku zote za matanga mama mkwe hakuongea na mimi. Alikula nilichopika, hakuongea. Nilikwenda mahakamani Songea nikasema nilichokiona na kukisikia: maneno yao, panga, yote. Wakili aliniuliza kama nilimchukia marehemu. Nilimjibu kwamba nilimwogopa, na sasa namlilia, na kwamba sijui kuvitenganisha. Shemeji alifungwa. Alinipungia mkono akiwa kizimbani, mimi, si mama yake, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Benki ililiachia shamba, kwa kuwa wenyewe hawakuridhia. Mkopo ulibaki kwa jina langu. Sikubisha, nilisaini. Nilipokwenda kwa jambo hilo waliniwekea fomu mpya mezani, na ule mstari umebadilishwa. Sasa umeandikwa: mke, mume, mzazi, mtoto, kaka, dada, shemeji, mkwe. Niliusoma wote kwa kidole. Yule binti wa kaunta akaniuliza, "Mama, kuna usichoelewa?" Nikamwambia naelewa.

Huwa najiuliza. Ningesema nilikuwa safarini, mume wangu angekuwa hai na shemeji angekuwa huru, mmoja ananipiga, mwingine hana shamba. Ningesema pale karatasi ilipokuwa inapeperuka, pengine yasingekuwa haya yote. Hilo la pili ndilo linaloniamsha.

Mwaka uliofuata mwezi wa tatu ulifika. Nyasi zilikuwa juu ya kiuno, hasa pale alipoanguka. Niliwatafuta vibarua, wakasema watalima kokote ila si mteremko ule. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, ananiangalia. Nikachukua panga, panga jingine, lile liko polisi. Nikateremka nikafyeka kwa mkono wangu mzima, na ule mwingine, usionyooka vizuri, ukisaidia. Nilipopata nyasi za kutosha nikaanza kuzilaza, mstari wa kwanza, wa pili, nikiikatanisha kama nilivyowaona wanaume wakifanya. Nilijua amekuja nyuma yangu. Nikasubiri aseme lile neno lake la zamani.

Alisimama, jembe begani.

"Mstari wako umepinda," akasema.

Nikaurudia. Akaingia kwenye dirisha la kwanza, akaanza kuchimba.